Paka au sungura kwa nyumba isiyotulia wikiendi?

MamaWawili (Jumatano, saa 3 usiku)
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa haraka, maana nimeshaahidi na ahadi ni deni. Watoto wamenibana miezi mitatu wanataka mnyama wa kufuga. Mmoja paka, mwingine sungura, baba yao anasema chochote kisichobweka. Jumamosi natakiwa nikachukue: kuna mtu anagawa paka mdogo, na kuna mwingine anauza sungura. Wote wawili siwezi. Nyie mliofuga, yupi hasumbui? Ila sisi ni watu wa kutokatoka kidogo. Asanteni.

Nyaunyau
Paka. Mada ifungwe.

MamaSita
Mdogo wangu, umeandika kila kitu isipokuwa tunachokihitaji. Watoto wana miaka mingapi? "Kutokatoka" ni asubuhi na kurudi jioni au ni wiki nzima? Mkiondoka anabaki nani? Kuna mwenye pumu humo ndani? Kuna mjamzito? Paka ana wiki ngapi? Sungura ni mmoja au wawili? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mzee_wa_Tangi
Samaki. Hawabweki, hawakwaruzi, hawazai chini ya kitanda.

Nyaunyau
Mzee, uzi huu ni wa paka na sungura. Samaki siyo mnyama wa kufuga, ni picha inayotembea.

Mzee_wa_Tangi
Wangu huja juu wakisikia hatua zangu. Paka wako anakuja ukimwita?

SunguraWatatu
Mimi nafuga sungura watatu na nawapenda, ndiyo maana nitakwambia ukweli kabla hujaingia. Watu huchukua sungura wakidhani ni mwanasesere mwenye masikio. Sungura wengi hawapendi kubebwa. Mtoto akimnyanyua vibaya, yeye hurusha teke la nyuma kwa nguvu zote, na teke hilo hilo linaweza kumvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Kwa hiyo mtoto akae chini sakafuni, sungura amfuate mwenyewe.

Chakula chake kikubwa ni nyasi kavu, usiku na mchana, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Karoti mpe kidogo sana kama pipi, usisikilize vitabu vya watoto. Hana uwezo wa kutapika. Na akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo, tumbo lake limesimama.

Halafu sungura mmoja peke yake ni mpweke. Chukua wawili, na waliohasiwa.

Kijukuu
Wawili!! Shosti usithubutu. Sisi tuliuziwa "madada wawili". Baada ya mwezi mmoja dada mmoja akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani na kuyabeba mdomoni. Mimi nikadhani ana ukurutu, nikaanza kutafuta dawa. Asubuhi binti yangu akaja na kusema mama kuna vidole vinacheza kwenye nyasi. Vidole! Walikuwa vitoto saba, vyekundu, havina hata unyoya.

SunguraWatatu
@Kijukuu ndiyo maana nikasema waliohasiwa. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32 tu, na jike anaweza kushika nyingine siku hiyo hiyo aliyozaa. Wakiwa wadogo hata wauzaji huchanganya jike na dume. Apelekwe kwa daktari aangaliwe, siyo kuangaliwa na mwenye kibanda.

Kijukuu
Wa pili tulikuwa tumempa jina la kike. Mpaka leo linamkaa hivyo hivyo, baba wa watoto saba.

MamaWawili (Alhamisi, saa 5 usiku)
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa namalizia blanketi la oda, ndiyo kazi yangu ya mikono, nafuma kwa kroshia na nyuzi zimejaa kila kona ya sebule hahaha. Haya majibu: watoto ni miaka 5 na 9. Safari ni mara mbili kwa mwezi, tunaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni. Nyumbani habaki mtu, ila jirani ana ufunguo. Pumu hakuna. Mjamzito hakuna (naomba isiwe). Paka sijui ana wiki ngapi, nimeambiwa ameanza kulamba chakula. Sungura ni mmoja.

Fundi_Cherehani
Subiri kwanza. Nyuzi zimejaa kila kona ya sebule na unataka paka?

Kaa nikusimulie. Nilikuwa na paka wa kijivu anaitwa Pamba. Jioni moja nashona pindo la gauni la binti yangu kwa mkono, simu ikalia. Nikachomeka sindano kwenye kimto, uzi ukabaki unaning'inia kama shubiri mbili. Niliporudi sindano ipo, uzi haupo. Nikasema labda umedondoka. Sikuutafuta. Nilitunga uzi mwingine nikaendelea, na Pamba amekaa pale pale ananitazama.

Kesho yake hakula. Akajificha nyuma ya kabati, akatapika povu la njano. Nikasema ni manyoya, paka hutapika manyoya. Siku ya pili nikaona ncha ya uzi imetokeza nyuma, chini ya mkia. Nikaishika nikavuta kidogo. Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, na mimi nikaachia.

Kwa daktari, kitu cha kwanza alichofanya ni kumfungua mdomo na kuunyanyua ulimi. Uzi ulikuwa umezunguka chini ya ulimi kama tanzi. Akanionyesha kwamba ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukishaingia hawezi kuutema, anaendelea kuumeza tu. Ncha moja ikinasa, utumbo unahangaika kuusukuma mbele, basi unajikunja juu ya uzi. Mimi ni fundi, nilielewa mara moja: ni marinda. Ni kama unavyovuta uzi wa sketi na kitambaa kinajikusanya. Tofauti ni kwamba uzi ukikazwa hivyo unakata utumbo kama msumeno. Akaniambia ningeendelea kuvuta ningemchana mwenyewe kwa mkono wangu.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alipona, lakini siku kumi alivaa kola ya plastiki na kugonga kila mlango. Nilihesabu mishono tumboni kwake, 11, imepangwa vizuri kuliko yangu.

Siku hizi uzi, ribuni, lastiki, hata ile kamba ya zawadi, vyote vinakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Na ukiona uzi umetokeza kwa paka, mbele au nyuma, usivute na usikate. Nenda kwa daktari.

Nyaunyau
Pole kwa Pamba. Ila mimi nimefuga paka miaka 20 na nyumbani tunashona, hajawahi kumeza uzi hata mmoja. Usimtishe dada wa watu.

Fundi_Cherehani
Na mimi sijawahi kugongwa na gari. Lakini barabara naiangalia.

MamaWawili
Jamani nimesisimka. Vidonge vyangu vya uzi viko kwenye kapu wazi chini ya kochi. Kwa hiyo sungura?

SunguraWatatu
Sungura atautafuna pia, na baada ya uzi atahamia kwenye waya wa chaja, na baada ya chaja mguu wa kochi lenyewe. Kapu lifunikwe kwa mnyama yeyote utakayemchukua.

MamaSita
Mimi nimeshika lile la safari. Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni ni siku mbili kamili, mara mbili kwa mwezi. Paka mdogo wa chini ya miezi minne huwezi kumwacha hata kutwa nzima. Mkubwa usiku mmoja anaweza, lakini mtu apite kila siku kumwangalia. Sungura tumeshaambiwa nusu siku tu inamtosha kuharibikiwa. Kwa hiyo usituulize yupi hasumbui, muulize huyo jirani mwenye ufunguo kama anapenda wanyama.

Nyaunyau
Siku mbili kwa paka mkubwa ni kitu gani? Mimi naweka chakula kikavu cha kutosha, mabakuli mawili ya maji, mabeseni mawili ya mchanga, naenda zangu. Narudi nakuta hata hajanikumbuka.

MamaSita
Na akimwaga maji saa moja baada ya wewe kufunga mlango? Au mlango wa chumba umfungie ndani?

Nyaunyau
Ndiyo maana nikasema mabakuli mawili.

Kijukuu
Sisi paka wetu tunasafiri naye. Kikapu kigumu chenye mlango, shuka juu, na hatumpi chakula saa chache kabla ya kuondoka. Kikapu kiache wazi sebuleni wiki nzima kabla, akizoee kama kitanda, siyo akione siku ya safari tu. Safari ya kwanza nilijiandaa na taulo kwa ajili ya paka. Aliyetapika ni mtoto.

Mzee_wa_Tangi
Narudi kwa upole. Samaki wakubwa wenye afya wanakaa siku mbili bila kulishwa na hawana neno. Kinachowaua siyo njaa, ni jirani mwenye huruma. Wangu alimwagiwa kopo zima "asife njaa", narudi maji yameganda kama uji. Kila mlo mpimie jirani kwenye kikaratasi chake, kopo lifiche.

Ila sitakudanganya, samaki nao siyo wa Jumamosi hii. Tangi linatakiwa lizunguke na kichujio chake kama wiki nne hadi sita mpaka bakteria wazuri wakue, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi. Na siyo lile bakuli la duara, hilo ni jela.

Upendo_wa_Simbilisi
Kuna kitu mmekisahau. Simbilisi! Wapole, wadogo, wanapiga mluzi wakisikia mfuko wa majani. Wanahitaji vitamini C kwenye chakula kila siku kwa sababu kama sisi hawaitengenezi mwilini, basi.

Kijukuu
Na wao ni lazima wawe wawili?

Upendo_wa_Simbilisi
Ndiyo.

Kijukuu
Hapana.

Mkwe_Mpya
Nyumba yenye paka wanawake hawashiki mimba, bibi yangu alikuwa anasema. Dada kuwa makini.

MamaSita
Hapana mwanangu, hilo limechanganywa. Kuna kimelea kinachoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka, na hatari yake ni kwa mtoto aliye tumboni mama akiambukizwa wakati wa ujauzito. Kinyesi kikishatoka, kimelea huchukua siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga unasafishwa kila siku, na mjamzito asiufanye yeye. Hata nyama isiyoiva inaleta hicho hicho. Mimi nimezaa sita na paka yuko mlangoni.

Nyaunyau
MamaSita leo tumekubaliana, iandikwe tarehe.

Mkwe_Mpya
Sawa mama, nimeelewa. Kwa hiyo baba ndiye anasafisha?

MamaSita
Miezi tisa yote. Hiyo peke yake ni sababu ya kufuga paka.

MamaWawili (Jumamosi, saa 10 jioni)
Haya, tumerudi mikono mitupu. Tulianza kwa sungura. Muuzaji akamnyanyua kwa masikio kutuonyesha, nikakumbuka maneno ya @SunguraWatatu, nikamuuliza ni jike au dume. Akasema "yoyote unayotaka." Yule wa miaka 5 aliyekuwa analilia sungura alipoona amepiga mguu chini puu! akajificha nyuma ya sketi yangu, akasema yeye sasa anataka kasa.

Kwa paka tukakuta bado ananyonya, macho ya bluu kabisa, anayumba akitembea. Mwenyewe ana haraka ya kugawa lakini nimemwomba akae na mama yake kwanza, turudi akifikisha wiki nane hivi, tumpeleke chanjo. Hajasema ndiyo wala hapana.

Yule mkubwa ameanza kutengeneza nyumba ya mnyama kwa maboksi, amekata madirisha mawili na kubandika pazia la vitambaa vyangu vya mabaki. Nikimuuliza ni nyumba ya nani anasema "wa yeyote atakayekuja".

SunguraWatatu
Kupiga mguu ni kuonya wenzake kuna hatari. Kwa kunyanyuliwa hivyo hata mimi ningepiga. Hilo boksi lisiwe na gundi nyingi wala rangi, sungura atalila lote.

Fundi_Cherehani
Na hilo pazia halina nyuzi zinazoning'inia?

MamaWawili
Nimepinda kingo zote, fundi. Na kapu nimelihamishia kwenye ndoo ya mfuniko. Jirani nimemuuliza, amesema atakuja kulisha chochote ila siyo nyoka.

Kijukuu
Tuache hayo, hilo blanketi ulilomaliza ni la miraba au mistari? Mimi miraba yangu ikifika kumi kila mmoja una ukubwa wake.

MamaWawili
Miraba. Mkono wako unakaza ukichoka. Fuma miwili kwa siku usizidishe, halafu iloweshe yote, ibane kwa pini kwenye ubao kwa kipimo kimoja, iache ikauke ndipo uiunge. Pini zihesabu!

Kijukuu
Kroshia namba ngapi?

MamaWawili
Milimita 4, uzi wa unene wa kati. Nikipata muda nitaweka picha.

Kaka_wa_Mtaa (Jumapili, saa 2 asubuhi)
Sijasoma yote. Mbwa je?