Darasa la kusoma la wazazi na watoto wadogo Mlingotini: tuanzeje?

Bint Kaole:
Habari zenu wadau. Hapa Mlingotini, Bagamoyo, tunataka kuanzisha darasa la kusoma ambalo mzazi anakuja na mwanawe wa miaka 3 hadi 6. Wamejiandikisha akina mama 17, wengi wakulima wa mwani, na akina baba 2. Wengi hawasomi Kiswahili, ila karibu wote wamepita chuoni (madrasa) wakasoma Kurani. Tuna baraza, mikeka na ubao mmoja. Ratiba iweje, tuanze na herufi zipi, na nini huwa kinaua madarasa ya namna hii?

Mwalimu wa Pwani:
Dada, kinachoua kwanza ni ratiba. Usiandike "kila Jumanne saa 4 asubuhi". Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hukupwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, na saa hizo mkulima wa mwani yuko shambani anafunga mbegu. Fuata mwezi: wakati wa bamvua kutaneni baada ya swala ya alasiri, maji mafu yakiingia (bahari isipojaa wala kukupwa sana) hamia asubuhi. Ulizia pia saa za chuo, msije mkagombea watoto na ustadhi.

Kipindi kiwe cha saa 2. Dakika 45 wakubwa wasome upande wao, watoto wakiwa upande wa pili na mlezi wao. Dakika 40 mzazi na mtoto wakae mkeka mmoja. Zinazobaki ni za wazazi peke yao, wazungumze waliyoyaona na watakayofanya nyumbani. Muundo huu wa sehemu nne ulienezwa Marekani na kituo cha taifa cha kisomo cha familia kilichoanzishwa Louisville, Kentucky, mwaka 1989. Muda ukibana, watu hukata ile sehemu ya pamoja. Msiikate kamwe! Bila hiyo mna kisomo cha watu wazima huku na chekechea kule, basi.

Muwe na wawezeshaji wawili na mlezi wa ziada, kwa sababu vichanga watakuja tu, wakialikwa wasialikwe. Na mwoneni afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri kabla ya kuanza.

Fundi Silabi:
Nijibu la herufi. Tafadhali msiwaite hao "wasiojua kusoma". Aliyesoma juzuu anajua tayari kwamba alama ina sauti, na kwamba konsonanti hukutana na irabu. Hiyo ni nusu ya kazi. Ila kuna mitego. Mkono umezoea kwenda kulia kwenda kushoto, kwa hiyo chora mshale mwanzoni mwa kila mstari kwa wiki chache. Fatha, kasra na dhumma, zile alama za irabu za Kiarabu, zinawapa a, i, u. E na o ndizo zinazopotea, e ikasomwa i na o ikasomwa u. Zifundishe kwa jozi: pita na peta, tua na toa. P, v, g na ch hazimo katika herufi za Kurani, zipeni siku zake.

Neno la kwanza? *Taitai*, kile kikamba cha kufungia mwani. Herufi tatu tu, t, a, i, na kila mama anaishika kila siku. Ukiongeza k unapata kata, kaa, kiti. Neno *mwani* lenyewe lisubiri, maana "mw" ni ngumu kwa mwanzo.

Mtoto wa miaka 3 au 4 msimlazimishe kuandika. Apige makofi kwa silabi: ka-mba, makofi mawili, m-tu, mawili pia, hapo wengi hupiga moja. Vitendawili navyo vinamzoesha kusikiliza maneno.

Bint Kaole:
Asanteni sana walimu. Na mama ambaye bado hajafika kwenye sentensi, atasomaje na mtoto nyumbani?

Mlezi wa Vitabu:
Kwa picha, dada. Chukua karatasi 2 za A4, zikunje katikati, unapata kurasa 8. Jalada manila, toboa matundu 3 kwenye mkunjo, shona kwa uzi wa nyavu. Kila ukurasa picha moja na maneno 2 hadi 4, herufi ndogo (a, b, si A, B) zenye kimo cha sentimeta 1 au zaidi, sentensi zitoke vinywani mwao: "mama anafunga taitai".

Mama aulize "anafanya nini huyu?", kisha ahesabu kimoyomoyo mpaka 5. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajibu wenyewe, au wanamfinya mtoto akikosea. Mtoto akisema "kaa", mama aongeze: "kaa anatembea upande upande."

Mama wa miaka 40 na kuendelea akisema herufi zinacheza, mpe sindano atunge uzi. Akishindwa kwa karibu, akaweza akinyoosha mkono, huenda tatizo ni macho. Apimwe apate miwani ya kusomea.

Vitabu vitunzeni kwenye ndoo yenye kifuniko. Unyevu wa bahari huvilainisha kurasa, na jalada huota ukungu.