Naomba ushauri: matembezi ya kutazama ndege hapa Kigoma

Ndugu zangu, habari za leo. Naishi Ujiji. Kila Jumamosi alfajiri mimi na mwanangu wa miaka 11 tunakwenda ufukweni kutazama ndege, na siku hizi yeye ndiye ananiamsha. Anampenda mno yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani palepale akipigapiga mabawa, kisha anajitupa ziwani kama jiwe. Furukombe tunamtambua kwa sauti kabla hatujamwona. Ila tuko wawili tu, tena bila darubini.

Nataka tukusanye watu wachache, watoto wakiwemo, kwa Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ndio majira wageni kutoka Ulaya wanaingia, mbayuwayu na keremkerem. Twende wapi kwa miguu, masaa mawili matatu? Mdomo wa mto Luiche una matete mazuri, lakini na watoto nahofia mamba. Au Katonga?

Jingine, ambalo ndilo linaninyima usingizi: korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Yupo kwenye kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi, eneo la Ramsar (yaani ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu mwaka 2000, huku huku kwetu, na sijamwona! Aliyewahi kufika anieleze: ni mwezi gani mtumbwi unapita vizuri, kibali kinaombwa wapi, na gharama ikoje.

Darubini nayo: 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, au nijikaze nitafute kubwa zaidi? Mwenye ya kuazimisha siku hiyo, tafadhali aniambie.