IST inaingiza maji chini ya kapeti upande wa abiria, masika hii Tanga

Mkazi_Chumbageni:
Wakuu habari za masika. Gari yangu IST, ikinyesha usiku asubuhi nakuta kapeti la abiria mbele limelowa chapachapa, ila juu kwenye kioo hamna tone wala alama. Fundi mmoja anataka apake silikoni kioo chote cha mbele, mwingine anasema raba za milango zimekufa ninunue zote mpya. Sitaki kutoa hela kwa kubahatisha. Halafu vioo vinapiga ukungu kwa ndani mpaka nafuta na kitambaa huku naendesha, na alfajiri nakwenda Muheza na watoto nyuma, roho haitulii kabisa.

Fundi_Ngamiani:
Mkuu silikoni weka pembeni kwanza. Ukipaka kabla hujajua maji yanapita wapi utaziba pasipovuja na maji yatatafuta njia nyingine. Jiulize, siku ya jua kali ukiwasha AC safari ndefu kapeti linalowa? Kama ndio basi sio mvua, ni kibomba cha kutolea maji ya AC kimeziba. Kwa joto na unyevu wa hapa Tanga gari ikiwa imesimama AC inafanya kazi lazima uone maji yanadondoka chini, usipoyaona ujue yanamwagikia ndani. Kinazibuliwa kwa upepo ila taratibu, ukipuliza kwa nguvu kinachomoka huko ndani.

Kama inalowa siku ya mvua tu, fungua boneti uangalie ile plastiki chini ya wipa. Pale kuna mfereji, maji yanatoka kwa matundu ya pembeni, na wengi tunapaki chini ya mwembe au mwarobaini kwa ajili ya kivuli, majani yanajaa, maji yanapanda mpaka kwenye tundu linalovuta hewa ya feni na lipo upande huohuo wa abiria. Ikishindikana kaa ndani mwenzio amwage maji na mpira kuanzia chini kupanda juu, sio gari zima kwa mpigo, utaona yanapoingilia.

Na mlango usiulaumu haraka. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia kwenye kioo ni kawaida, yanatokea matundu ya chini. Tatizo ni ile nailoni nyuma ya kava, fundi akitengeneza kioo au spika anaichana halafu hairudishi, hapo ndo yanamwagikia kwenye kapeti.

Mama_Wawili:
Kaka huo ukungu sababu yake ni hilo kapeti, unyevu unapanda kwenye vioo. Washa AC elekeza upepo kwenye kioo, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizime, ivute ya nje. Kufuta na kitambaa huku gari inatembea na watoto nyuma tafadhali acha, simama pembeni.

Dereva_wa_Segera:
Naongezea la barabarani maana naona watu wanaenda wamewasha hazadi kisa mvua, hapo wa nyuma hajui unakata kulia au kushoto, washa taa kubwa za chini inatosha. Zile dakika za mwanzo mvua ikianza ndo mbaya zaidi, vumbi na oili vinachanganyika na maji, lami inateleza. Tairi zikiwa vipara hazitoi maji, gari inaelea usukani unakuwa mwepesi, hapo usikanyage breki ghafla, toa mguu kwenye mafuta shika usukani sawa. Aliye mbele yako mpe nafasi ya sekunde nne au zaidi. Na maji yakikatiza barabara usipite kwa kuwa lori limepita, kina cha sentimita 30 kinatosha kuifanya gari ndogo kama hiyo ielee. Ikizimikia majini usipige stata tena, injini ikivuta maji inapinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni.

Mkazi_Chumbageni:
Asanteni sana. Nimefungua chini ya wipa, majani ya mwarobaini yamejaa yameoza kabisa, nimetoa, nikamwaga maji yanashuka vizuri. Sasa kapeti nalianika lilivyo?

Fundi_Ngamiani:
Hapana, ng'oa kiti na kapeti litoke lote. Chini yake kuna sponji inakunywa maji, juu unaona kumekauka kumbe chini bado, na nyaya zinapita humohumo. Anika juani mpaka ukiibana haitoi kitu. Toa betri kabla hujachomoa soketi za kiti, usije washa taa ya eabegi.