Studio za Mwanza, kubadili jina kwenye video SI kazi mpya!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie, nimekereka hadi chai imenishinda.

Studio yenyewe siitaji. Iko katikati ya mji, na wakipita humu watajijua. Tuliwapa sendofu ya mdogo wangu iliyofanyika ukumbi mmoja huko Kirumba. Kwa upande wa picha sina ugomvi nao: kamera imetulia, sauti ya MC inasikika, droni imepanda mpaka ziwa lote linaonekana. Ugomvi wangu ni maandishi.

Mzee wetu anasimama kutoa nasaha, suti imenyooka, na chini ya kidevu chake pameandikwa MAMA MZAZI WA BIBI HARUSI. Wamekopi klipu ya maandishi ya mama, wakaibandika kwa mzee, wakaendelea na safari. Mama mkubwa naye jina lake lina Ng' ya Kisukuma, ile alama ya juu imegeuka kiboksi, maana fonti waliyoishusha mtandaoni haina alama hiyo. Tukifika kwenye keki unaingia utepe wa dhahabu kwa mbwembwe zote, unazunguka, unametameta, halafu unatua ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza "weka jina lako hapa". Templeti ya bure, hata kuifungua hawakuifungua! Na sehemu yenye jina sahihi la bibi harusi, herufi ni nyeupe juu ya gauni jeupe. Kivuli cha herufi hakuna, ukingo mweusi hakuna, hata kibanzi cheusi chenye uwazi kidogo nyuma yake hakuna.

Flashi ikavuka maji mpaka Nansio kwa shangazi, ambaye bado anatumia TV ya chogo. Tukaichomeka kwenye king'amuzi, kila jina likaliwa herufi ya kwanza. TV zile hukata kingo za picha, jambo linalojulikana tangu enzi hizo, ndiyo maana programu za kuhariri zina ile mistari ya mipaka salama unayoiwasha juu ya dirisha la kutazamia. Kipimo cha zamani ni maandishi kukaa ndani ya asilimia 80 ya fremu: kwa video ya 1920 kwa 1080 unaacha pikseli 192 kila upande, na 108 juu na chini. Kipimo cha siku hizi ni asilimia 90, bado si pembeni kabisa. Wao wamebandika majina kwenye ukuta wa kushoto kama tangazo la mganga.

Ya wima ya kuweka status sitaki hata kuianza. Wamechukua video ya mlalo wakaikata katikati. Fremu ya 9 kwa 16 ukiikata ndani ya 1920 kwa 1080 unabaki na upana wa pikseli kama 608, haifiki hata theluthi. Majina unayaona matumbo tu. Maandishi ya wima yanapangwa upya, aisee, hayakatwi na picha.

Haya yote ningeyameza. Kilichonipandisha mori ni jibu lao. Nimewapigia kwa heshima, naambiwa, "Kaka, hiyo sasa ni kazi mpya, inabidi uongeze elfu sitini." Kazi mpya ipi? Mimi niliwahi kukaa studio Nyegezi kabla sijaingia kwenye dagaa, msinifundishe kuogelea. Kwenye taimulaini, pale unapopanga vipande vya video ndani ya programu, maandishi ni klipu inayojitegemea, inakaa treki (tabaka) ya juu, video iko treki ya chini. Unabofya maneno, unafuta MAMA, unaandika BABA, basi. Rangi haiguswi, muziki haugusiki, mikato inabaki ilipo. Kinachochukua muda ni kutoa faili upya, na hapo mashine ndiyo inayohangaika, wewe umeenda kula sato. Wala msisingizie programu, maana hata DaVinci Resolve ya bure ina Text+, zana ya kuweka maandishi, ndani yake.

Nilipombana hapo akabadilisha wimbo: "Projekti tumeshaifuta, mkubwa, diski ilijaa." Yaani mteja hajathibitisha kazi na nyie mmeshafuta? Faili la projekti peke yake ni dogo, kinachojaza diski ni video ghafi. Kama kweli mmefuta, maana yake maandishi yameshaungana na picha moja kwa moja na dawa iliyobaki ni kubandika utepe mweusi juu ya utepe wa zamani. Kiraka hicho kwenye kifua cha mzee wangu sikitaki.

Maedita wenzangu wa zamani mliomo humu, hivi siku hizi hamtumi majina kwa familia kabla ya kutoa faili la mwisho? Sisi tulikuwa tunaandika orodha kwenye karatasi, kamati inasaini. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ungemaliza haya yote.

Sasa msimamo wangu ni huu. Elfu sitini sitoi. Mrekebishe majina, muondoe ule utepe wa dhahabu, na ya wima muipange upya. Na msisahau kwamba flashi ile mlituletea tuangalie kwanza kabla ya kumalizia malipo. Salio la laki mbili bado liko kwangu, na nyumbani mnapajua.