Tupeane uzoefu: Mwili ukiitika bila moyo, au moyo ukitamani mwili ukanyamaza

Upendo_Daima: Nimesukumwa kuandika na mchango niliousoma hapa, uliodai kwamba mwanamke akiwa mkavu basi mapenzi yamekwisha. Tangu nianze kunyonyesha ninamtamani mume wangu kama zamani, lakini uke unabaki mkavu, na kila tunapokaribiana analazimika kusikia nikiapa kwamba sijapoa. Mliopitia haya, tupeane uzoefu.

Mama_Pacha: Yamenikuta hayo hayo, dada, na kilichoniumiza zaidi ni kule kutoaminiwa.

Mkunga_Mstaafu: Mwanangu, anayenyonyesha huwa na estrojeni kidogo, kama ilivyo kwa aliyekoma hedhi, na homoni hiyo ndiyo inayozitunza kuta za uke. Unyevu wenyewe kwa sehemu kubwa ni majimaji ya damu yanayopenya kuta hizo pale mishipa inapojaa, kwa hiyo chochote kinachogusa homoni au mishipa kinaweza kuupunguza hata kama hamu ipo tele. Tumia kilainishi cha maji, kwa sababu mafuta huharibu kondomu za mpira.

Sauti_ya_Haki: Mimi naona msitumie kitu chochote, bali ongezeni muda wa maandalizi tu.

Mkunga_Mstaafu: Muda husaidia, lakini kwa mama anayenyonyesha mara nyingi hautoshi.

Mwenye_Hoja: Pamoja na heshima zote, mdomo unaweza kudanganya ila mwili hausemi uongo.

Msomi_wa_Afya: Ndugu, jambo hilo limepimwa. Mwaka 2010 Meredith Chivers na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 132, zenye wanawake 2,505 na wanaume 1,918, wakilinganisha kile ambacho vipimo vya sehemu za siri vilionyesha na kile ambacho wahusika wenyewe walisema wanahisi. Katika kipimo ambacho 1 ni kulingana kikamilifu, wanaume walipata 0.66 na wanawake 0.26. Kampuni ya Pfizer nayo ilipojaribu Viagra kwa wanawake iliachana na mpango huo mwaka 2004, kwani kuongeza damu sehemu za siri hakukuleta hamu.

Mwenye_Hoja: Chumba cha utafiti si chumba cha kulala.

Nimeficha_Jina: Kaka, sentensi yako kwamba mwili hausemi uongo ndiyo iliyonifanya niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikiwa mtu mzima nilibakwa na mwanamume niliyemfahamu. Sikutaka, niliogopa, nilimwambia aache, na katikati ya hofu ile mwili wangu ulilowa. Yeye aliliona hilo na akaniambia kwamba nami nilikuwa nataka, na kauli hiyo ilikaa ndani yangu kwa miaka kuliko maumivu yenyewe, kwa maana niliiamini, nikajiona mshiriki, na ndiyo maana sikushtaki. Nilipompata mshauri nasaha aliyenieleza kwamba mwili huweza kuitikia mguso hata pale nafsi inapokataa, na kwamba wapo wanaofika hata kileleni bila kuridhia, nililia mbele yake hadi muda wetu ukaisha. Sikuridhia, na unyevu haukuwa jibu langu.

Mama_Pacha: Pole sana, dada yangu. Tunakuamini.

Sauti_ya_Haki: Mwenye_Hoja, umeona kauli hiyo inavyotumika? Ni utetezi wa wabakaji.

Mwenye_Hoja: Usinitie katika kundi hilo, mimi nilizungumzia wanandoa. Dada, pole kwa yaliyokupata. Swali langu bado lipo: mume atajuaje kwamba mkewe yuko tayari?

Msomi_wa_Afya: Atamuuliza, na atamwamini anapojibu ndiyo, kama atakavyomwamini anapojibu hapana.

Upendo_Daima: Nimemsomea mume wangu maelezo ya mkunga. Ameuliza kama ukavu huu utaisha nikimwachisha mtoto.

Mkunga_Mstaafu: Kwa wengi hupungua hedhi inaporejea. Ila ukiona maumivu makali au damu wakati wa tendo, nenda ukapimwe, usingoje kumwachisha. Nawe Nimeficha_Jina, endelea na mshauri wako, na ukitaka mtu wa kuzungumza naye pembeni, niandikie wakati wowote.