Amethisti ya kukuzwa: fuwele inatokaje majini?

Dalali wa Mawe, Arusha

Ndugu zangu, wiki iliyopita nililetewa mezani kipande cha amethisti, zambarau safi, ambacho dalali mwenzangu alikikataa mara tu alipokitazama kwa lenzi, akisema kimekuzwa ndani ya maji ya moto yenye mgandamizo mkubwa. Sisi huchoma tanzanaiti ya kahawia ikageuka bluu, lakini hapo jiwe lipo tayari. Amethisti ni kwatzi ya zambarau, na kwatzi haiyeyuki majini hata ukiichemsha siku nzima. Sasa fuwele itatokaje majini?

Mwalimu wa Kemia, Moshi

Kwenye sufuria haiyeyuki, kwa sababu maji huwa mvuke yakifika nyuzi 100, na huku kwetu mlimani hayafiki hata hapo. Watengenezaji hutumia otoklevu, silinda nene ya chuma inayojazwa kiasi cha asilimia 80 kwa maji yenye sodiamu kaboneti, ndugu yake magadi, kisha hufungwa kabisa. Ikipashwa moto hadi nyuzi 350 hivi, maji hutanuka yakakosa pa kwenda, na kanieneo, yaani huo mgandamizo, hupita mara 1,000 ya ile ya hewa. Maji hayo huyeyusha vipande vya kwatzi vilivyowekwa chini, penye joto zaidi, kisha hupanda hadi juu, ambako joto limepungua kidogo. Hapo hayawezi tena kubeba yote yaliyoyachukua, hivyo ziada hujipanga juu ya vibapa vya kwatzi vilivyoning'inizwa kama mbegu. Fuwele huongezeka kwa takriban milimita moja kwa siku au pungufu, na anayeharakisha huvuna nyufa. Kwatzi ya saa za mkononi hupatikana hivyo hivyo; ya zambarau huongezewa chuma, kisha hupigwa mionzi.

Mkata Mawe, Arusha

Huenda mwenzako aliona chembe nyeupe kama makombo ya mkate, ambazo kweli hutia shaka. Hata hivyo, jiwe safi kama hilo nisingelihukumu kwa lenzi peke yake. Ningelipeleka maabara likapimwe kwa miali ya infraredi.

Dalali wa Mawe, Arusha

Ahsante, Mwalimu. Je, tanzanaiti nayo hukuzwa hivyo?

Mkata Mawe, Arusha

Ya kukuzwa haijaingia sokoni. Wanaodanganya huuza kioo, au forsteriti, jiwe jingine la kuigiza tanzanaiti, ambayo hukuzwa kutoka kwenye madini yaliyoyeyushwa kwa moto, bila maji.