Maisha ya msanii yanaingiaje kwenye picha yenyewe?

Nukta_Nyeusi: Wakuu, kwenye maonyesho kila picha ina maelezo pembeni: msanii alifiwa, msanii aliugua. Ukiigeukia picha, huo msiba huuoni. Maisha ya mchoraji yanaingia vipi kwenye rangi, ukubwa na mistari? Na anayetaka kuchora jambo zito alilopitia, kwa rangi ya mafuta, aanzie wapi?

Fundi_Brashi: Kabla ya hisia, mkuu, angalia mwili. Monet, mchoraji wa Ufaransa, aligundulika na mtoto wa jicho mwaka 1912. Lenzi ya jicho ikipata umanjano huzuia mwanga wa buluu, ndiyo maana picha zake kadhaa za miaka iliyofuata zimeelemea wekundu na kahawia, na maumbo yamepoteza kingo. Ilifika mahali akawa anasoma lebo za tyubu kujua anashika rangi gani. Alipopasuliwa jicho la kulia, 1923, akaanza kulalamikia buluu iliyozidi.

Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alipata ajali ya basi 1925. Akafungiwa kioo juu ya kitanda na kutengenezewa stendi ya kuchorea akiwa amelala. Aliye karibu naye kila saa ni nani? Ni yeye mwenyewe, na picha za uso wake zikawa nyingi. Matisse, Mfaransa mwingine, baada ya upasuaji wa 1941, alishika mkasi: wasaidizi wanapaka karatasi rangi, yeye anakata, vipande vinabanwa ukutani kwa pini na kuhamishwa mpaka vikae.

Tarehe_Kwanza: Kwa Matisse kuna la kuongeza. Karatasi za kukata alizitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, kupangia mchoro mkubwa wa ukutani. Ugonjwa uliifanya mbinu ya kupangia iwe ndiyo kazi yenyewe. Chuck Close, mchoraji wa Marekani, husimuliwa vibaya zaidi: utasikia alianza kuchora kwa miraba (kugawa picha kwa vijisanduku na kujaza kimoja kimoja) baada ya kupooza 1988, wakati miraba ilikuwepo tangu picha kubwa ya uso wake ya 1967–68. Kabla hujaamini maelezo ya ukutani, tafuta kazi za miaka mitano kabla ya tukio.

Na athari huchelewa. Dada yake mchoraji wa Norway, Munch, alikufa kwa kifua kikuu 1877. Picha ya mtoto mgonjwa ilikuja 1885–86. Rangi aliikwangua na kuirudia tena na tena, na mikwaruzo inaonekana mpaka leo. Kwangu mimi msiba uko kwenye hiyo mikwaruzo kuliko kwenye kitanda kilichochorwa.

Mkaa_na_Mafuta: Kwa anayetaka kuchora: usianze na tukio zima, chukua kitu kimoja kilichokuwepo. Chora kwa mkaa vijipicha 20 vya ukubwa wa kiberiti, ukikihamisha na kukikata ukingoni. Chagua viwili. Machozi, minyororo na mioyo iliyopasuka achana navyo. Mtazamaji anavielewa kwa sekunde moja na kupita.

Rangi tatu na nyeupe zinatosha. Nyeusi changanya mwenyewe kwa buluu na kahawia iliyokolea. Ukitaka kukwangua kama Munch, acha tabaka la chini likauke, siku kadhaa hadi wiki au zaidi, la sivyo unapata tope. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza na baadaye hupasuka.

Nukta_Nyeusi: Asanteni. Karatasi nene inafaa badala ya turubai?

Mkaa_na_Mafuta: Inafaa, ila ipake jeso (rangi nyeupe ya msingi inayozuia mafuta kupenya) mara mbili kwanza, mbele na kingoni. Mafuta yakiingia kwenye karatasi tupu huikausha, na baada ya muda inavunjika.